Paa Ndani ya Sakafu

Padri alinipa mpaka Jumatatu. Alitaka picha ya ndani ya kanisa lake kwa ajili ya kalenda, ila si ile ambayo kila mtu alikuwa nayo: umesimama mlangoni, viti kushoto, viti kulia, madhabahu katikati. Kanisa lile la mviringo pale Kajiado, lenye vioo vya rangi kuzunguka paa, lilikuwa limepigwa hivyo mpaka limechoka.

"Ukiniletea ya mlangoni," akasema, "kazi nampa yule mpiga picha wa Nairobi."

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na studio ya chumba kimoja Kitengela, na picha za vitambulisho hazikunilisha tena. Nikikosa hii kalenda, nafunga.

Jumamosi asubuhi nikahesabu vioo: kumi na tisa. Nikarudia: kumi na tisa. Nikalala chali, nikapanda kiti, nikajibana nyuma ya kitubio. Kila nilichoona kilikuwa picha ya mlangoni iliyobadilisha kiti.

Ndipo akaingia mama msafishaji, mzee wa Kimaasai, akamwaga ndoo ya maji juu ya simenti nyeusi. Paa lote likashuka. Vioo kumi na tisa vikalala ndani ya maji miguuni pangu, vyekundu na buluu, na anga katikati yake. Nikapiga magoti nikaanza kupiga picha.

Thelathini na sita. Thelathini na saba. Nikatabasamu, maana sisi wa studio ndogo tulikuwa na ujanja wetu: unaweka filamu ndani ya koti, gizani, bila kuvuta mbele sana, ili filamu ya picha thelathini na sita itoe thelathini na nane. Ya thelathini na tisa ikapita. Ya arobaini ikanitoa jasho. Filamu haizai.

Nikatazama kile kifundo cha kushoto cha kamera, kinachozunguka kila ukivuta filamu. Kimetulia tuli. Kwa ubahili wangu, ncha ya filamu haikuwa imeshika, filamu haikusogea. Nilikuwa nimepiga hewa mara arobaini.

Nikafungua kamera ndani ya koti, nikaiweka filamu upya, safari hii bila ujanja. Nilipoinua macho, sakafu ilikuwa imekauka nusu, na jua lilikuwa linapanda kuacha vioo vya mashariki.

"Takwenya, yeyo," nikamwamkia yule mama kwa Kimaasai, kwa adabu niliyopaswa kuja nayo mapema.

"Iko," akaitikia kwa Kimaasai chake.

"Naomba umwage ndoo ingine."

"Ya nini? Imekuwa safi. Wewe unaona uchafu?"

"Ni ya picha."

"Hii maji imebaki ni ya miti ya Padri. Miti ikikauka ataniuliza mimi, si wewe."

"Basi nusu ndoo."

"Nusu mti?"

"Robo, yeyo."

Akanitazama kutoka viatu mpaka kofia. "Wewe umetoka soko gani?"

"Kitengela."

"Kisima iko nyuma ya shule. Leta ndoo mbili, mimi namwaga moja."

"Nilete moja, umwage nusu."

"Sasa ni tatu."

Maisha yangu yote ya kupatana bei, sijawahi kuona bei ikipanda kwa sababu nimeongea. Nikachukua ndoo.

Nilikimbia safari mbili, maji yakinichapa suruali, macho yangu juani. Ya tatu niliiweka mlangoni nikihema kama punda wa kubeba mitungi. Mama hakuharakishwa. Akamwaga pole pole, akirudi nyuma hatua kwa hatua, na paa likashuka kipande kwa kipande. Nikapiga. Kifundo kikazunguka. Nikapiga, nikakitazama tena. Nilipofika kumi na moja, vioo vya mashariki vikazima.

"Umepata?" akauliza.

"Sijui. Mpaka filamu isafishwe."

"Umemaliza maji na hujui!"

Jumatatu nikampelekea Padri iliyo bora. Akaigeuza juu chini, akaigeuza tena, akatafuta mlango asiuone. Kisha akaweka kidole pembeni, palipokuwa na mguu wa mama, kandambili na shanga za kifundoni.

"Hii nzuri. Lakini mguu utaukata."

"Hapana, Padri. Bila mguu hakuna atakayejua kwamba ni sakafu."

"Basi punguza kidogo tu, vidole."

Nilijua nikikataa naweza kurudi Kitengela kushusha kibao cha studio. Nikakataa. Akaondoa kidole juu ya mguu.

"Atataka nakala yake huyo mama," akasema, akaitia kwenye bahasha ya kalenda.