Chupa ya Asante Kaunta

Garsen mtu haachi pesa mezani. Akiziacha, mhudumu atamkimbilia mpaka stejini akimwita, "Wewe, umesahau!" Ya chai, ile ya shukrani, hutolewa mkononi, mkiwa mnaagana, noti imekunjwa ndogo kiganjani, na anayepewa haiangalii. Ukiiangalia ni kama unapima ukarimu wa mtu mbele ya macho yake. Na mwanamume asiyetaka kumshika mkono mwanamke asiye wake huitia chini ya kisosi, akasema, "Haya, toa vyombo," akaenda zake. Mimi nililelewa kijiji cha Wema, hapo karibu, hayo yote nilikuwa nikiyajua. Lakini miaka niliyofanya kazi kwenye mkahawa Mombasa ilinitia ujuaji, na ujuaji huo ndio niliorudi nao nyumbani.

Nilifungua hoteli yangu kando ya barabara, karibu na steji. Ndogo, lakini kahawa ya maziwa niliipiga povu kwa mkono mpaka ikasimama juu ya kikombe, na watu walikuja kwanza kuicheka kisha kuinywa. Nilikuwa naweka akiba kidogo kidogo ninunue mashine ya kahawa, ya mitumba, kwa fundi mmoja wa Mombasa aliyekuwa hataki pesa za simu. Wa kunisaidia alikuwa mjane mmoja mtu wa Kilelengwani, mkubwa kwangu kwa umri, mwenye mkono mtamu wa chai. Mshahara niliompa ulikuwa mdogo, na nilijua ni mdogo.

"Usijali," nikamwambia, "kutakuwa na tipu. Mombasa tulikuwa tunaishi nayo."

Nikachukua chupa pana ya kioo, ya zile za achari, nikaibandika karatasi: ASANTE KWA MOYO WAKO. Nikaiweka kaunta.

Wa kwanza kuiona alikuwa mzee mmoja Msomali, mfanyabiashara wa ng'ombe. Kiti cha mlangoni kilikuwa chake, na chai yake ya maziwa ya ngamia ilikuwa lazima iwe tayari kabla hajakaa.

"Abayo," akaniita, kwani kwao ndivyo wanavyomwita dada, "hii chupa ni ya nini?"

"Ya tipu, mzee."

"Tipa? Tipa ya mchanga?"

Hoteli nzima ikacheka. Mimi hasira zangu ziko karibu, hazipandi ngazi. Nikamjibu, "Ni ya mwenye moyo, mzee. Asiye nao anywe chai yake aende."

Wengine wakaguna. Mzee akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeelewa jambo, akaingiza mkono mfukoni na kutia noti ya elfu moja ndani ya chupa. Elfu moja! Kwa kikombe cha chai! Nikasema moyoni, haki ya Mungu, Garsen imeamka.

Basi ikawa hivyo. Mama mmoja wa Kiorma aliyekuwa akiniletea maziwa, mtu wa kubishana nami kwa shilingi tano hadi jua kali, alitia sarafu zake akasema, "Mungu amsaidie." Nikaitikia amina, nikidhani anamwombea mjane wangu. Vijana wa bodaboda wakatia. Mwalimu mmoja akatia. Na kila anayetia ananiuliza kwa sauti ya chini, "Anaendeleaje?"

Siku hizo mama yangu alikuwa amelala na malaria kule Wema. Nikaona lo, watu wa hapa wana utu jamani, habari za mama yangu zimewafikia wote. Nikawa nawajibu kwa furaha, "Hajambo, ameanza kula."

Kila Jumamosi jioni mjane alikuwa akiimimina chupa kwenye leso yake. Akalipa karo ya mwanawe iliyokuwa imelala, akanunua mabati ya kuziba pale nyumba yake ilipokuwa ikivuja. Nilijivuna kama aliyeyanunua ni mimi.

Ijumaa moja, watu wametoka msikitini na hoteli imejaa, akaingia mwanamume mmoja nisiyemjua. Suruali ameikunja, tope limemkaukia miguuni, mkononi ana kikapu. Hakukaa. Alikuja moja kwa moja hadi kaunta.

"Dada, mimi ndiye baba wa yule mtoto. Natoka Chara."

"Mtoto yupi?"

"Yule wa mamba."

Nilikuwa nimezisikia hizo habari, nani hakuzisikia? Msichana mdogo alikuwa akichota maji, mamba akamkamata mguu, watu wakamnyang'anya na kumkimbiza Malindi. Nilikuwa nimesema maskini, nikaendelea kukaanga mahamri yangu.

"Daktari amesema mguu hautakatwa ukitiwa chuma," akasema yule baba. "Lakini chuma chenyewe kinanunuliwa kwanza, na kinatakiwa leo. Gari la Malindi liko hapo nje, linaniongoja. Nimeambiwa mchango wa mtoto uko kwako."

"Mchango gani?"

Sikuwa nimeimaliza pumzi yangu, sauti ya mlangoni ikapaa. "Abayo! Si huo hapo!" Mzee wa ng'ombe alikuwa ameinua fimbo kuonyesha chupa. "Wewe mwenyewe si ulisema ni ya mwenye moyo? Na kila siku tukikuuliza anaendeleaje, si unatuambia ameanza kula?"

Yarabi. Kwetu chupa ya pesa haiwekwi kaunta ila kuna mgonjwa, au kuna maiti, au msikiti unaezekwa. Mimi niliyezaliwa hapa nililisahau hilo kwa sababu ya vikombe vya tipu vya Mombasa. Na chupa nilikuwa nimeiweka wiki ile ile aliyokamatwa mtoto. Hakuna mtu hata mmoja Garsen nzima aliyekuwa ametupa tipu.

Yule baba aliitazama chupa. Tangu Jumamosi zilikuwa zimeingia sarafu za kufunika kitako tu.

"Ni hizi tu?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza tu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Haiwezekani!" Mzee sasa alikuwa amesimama. "Wallahi, mimi peke yangu nilitia elfu."

"Hata mimi nilitia," akasema mwalimu. Mwingine nyuma akasema yeye pia. Viti vikaanza kukwaruza sakafu. Kisha yule mama wa maziwa akageuka polepole, akamtazama mjane wangu aliyekuwa amesimama penye jiko na birika mkononi.

"Yale mabati," akasema.

Mjane aliliweka birika chini. Macho yake yalikuwa kwangu tu. Nikisema ni mimi niliyemwambia azichukue, watasema tumezila pamoja. Nikinyamaza, ataitwa mwizi wa pesa za mtoto aliyeumwa na mamba, na jina hilo litawafuata wanawe mpaka shuleni. Nianze kueleza tipu? Watu wenyewe walishasikia tipa.

Na nilikuwa na hasira, siwezi kuficha. Hasira na mzee anayetoa elfu bila kuuliza vizuri. Hasira na mama wa maziwa na macho yake. Hasira na mjane kwa kusimama pale kama mwenye hatia. Mimi sikumwomba mtu mchango! Nilikuwa na haki yangu, nilifungua mdomo niwatupie haki yangu hiyo usoni, wote. Ndipo jicho langu likaanguka ndani ya kikapu cha yule baba. Kulikuwa na kanga, na gauni la mtoto, na juu yake ndala ndogo za bluu. Alikuwa amebeba zote mbili.

"Nyingine ziko ndani," nikasema. Sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Mlitaka pesa zote hizo nizilaze kaunta, kila mpita njia azione? Mnaniona mjinga? Hebu kaeni chini mnywe chai zenu!"

Wakakaa. Hata mzee alikaa.

Nikaingia nyuma ya pazia, nikauteremsha mkebe wa maziwa ya unga wenye akiba ya mashine. Mjane alikuwa amenifuata.

"Usifanye hivyo, mdogo wangu," akaninong'oneza. "Niachie mimi, nitawaambia. Mabati nitayauza."

"Nenda ukamimine chai," nikamwambia. "Na ujipanguse uso kwanza."

Sikuzihesabu. Nilijijua, ningezihesabu mkono ungerudi nyuma. Nilizikumba zote, pamoja na noti moja ya mia mbili iliyokuwa imechanika katikati, niliyoiunga mwenyewe kwa selotepu ili fundi asiikatae. Nikatoka, nikaongeza na zile sarafu za chupa, nikamkabidhi yule baba mbele ya watu wote. Alizipokea kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. Watu wakasema amina. Mzee akapiga fimbo yake sakafuni, akasema, "Sasa hapo sawa," akaagiza chai nyingine. Mama wa maziwa akamwomba mjane sukari kwa sauti laini kabisa, na mjane akampa.

Nje dereva akapiga honi. Yule baba akazitia pesa kifuani, akanyoosha mkono kuniaga. Nikampa wangu. Nikahisi karatasi kiganjani.

"Ya chai, dada," akasema. "Umetutunzia."

Nilijaribu kuurudisha mkono, akanifumba vidole kwa vidole vyake. Ningeikataa ile noti vipi? Kumrudishia kulitaka maelezo, na maelezo yangemkuta mjane palepale penye jiko. Nikasema asante. Akatoka mbio na kikapu chake, gari likaondoka.

Hapo nikavunja adabu. Niliangalia. Ilikuwa ile mia mbili, selotepu imepita katikati. Tipu yangu ya kwanza Garsen, na nilikuwa nimeilipa mwenyewe! Nilicheka peke yangu pale kaunta mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaona machozi hayana habari na kicheko, yanaendelea tu.

Jioni, kabla ya kufunga, niliibandua ile karatasi na kutia sukari kwenye chupa. Nikamwambia mjane kwamba kuanzia mwezi huo mshahara wake utakuwa mshahara wa kueleweka. Alipokuwa akiaga nilimshika mkono, nikamwachia ile mia mbili, imekunjwa ndogo. Najua aliihisi selotepu, maana kidole gumba kilisita. Lakini hakuiangalia. Nilisimama mlangoni nikamtazama hadi alipopinda penye mashine ya kusaga unga, na ngumi yake ilikuwa bado imefumba.

Mashine ya kahawa sijanunua hadi leo, povu napiga kwa mkono. Kipindi kirefu kilipita. Kisha asubuhi moja wakaingia watu wawili, yule baba na msichana mdogo anayechechemea, ndala za bluu miguuni, zote mbili. Niliwakalisha meza ya katikati. Mjane alimletea mtoto mahamri ya moto na maharagwe ya nazi, akasimama pale pale, hataki kuondoka.

Mzee wa ng'ombe alinyoosha shingo kutoka kiti chake cha mlangoni. Macho yake siku hizi hayaoni mbali.

"Abayo," akaniita, "yule mtoto wetu, anaendeleaje?"

Nilimtazama yule msichana. Mashavu yamemjaa, mchuzi unamtiririka kidevuni.

"Hajambo, mzee," nikamwambia. "Ameanza kula."