Ng'ambo ya Ziwa Singidani

Juzi nilifungua ramani kwenye simu, nikatafuta mto unaotoka Ziwa Singidani kwenda baharini. Sikuuona.

Mara ya kwanza nilifika huko na bibi, mama yake baba, kukwangua chumvi ukingoni. Jua lilikuwa kali, matope yalinuka kama mayai viza, na ndege waitwao heroe walipiga kelele bila kupumzika. Baba alikuwa ameondoka zamani kutafuta kazi Tanga, baharini, na nyumbani hakuna aliyemtaja tena.

Mwalimu alikuwa ametuambia maji ya bahari yana chumvi. Nikachovya kidole, nikaonja.

"Bibi, kumbe hii ndiyo bahari!"

"Bahari gani? Hili ni ziwa."

"Ziwa gani lina chumvi? Hebu onja!"

Akacheka. "Chumvi yake nimeila tangu sijaota meno, leo wewe ndiye wa kunionjesha?"

Sikumwamini, hata leo siamini kitu kirahisi. Ng'ambo niliona watu wadogo wakitembea, nikajua Tanga ni pale. Nikaita "Baba!" mpaka heroe wakaruka.

Sasa najua maji yale hayana pa kwenda; hukaukia palepale na kuacha chumvi. Bibi naye alilijua ziwa lake, na kwa kawaida hakuacha kosa langu lipite bila kulisahihisha. Lakini alitua ungo wake, akaja kusimama kando yangu.

"Upepo umekuzidi," alisema. "Tuite sote."

Akaita jina la mwanawe, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.