Kwa Nini Ngendo Hakurudi Kanisani

Ngendo alibatizwa Raheli akiwa msichana, na kwa miaka mingi alihudhuria kila Jumapili katika kanisa dogo la mabati huko Ruiru. Hakuwa mtu wa kuruka wala wa kububujikwa na machozi katika maombi. Aliketi benchi la nyuma, mtoto mgongoni, akaimba sauti ya pili, na mahubiri yakirefuka alisinzia kama wote waliochuma kahawa wiki nzima. Ungemwuliza kama anampenda Mungu angekujibu, "Kwani ni nani amenilisha mpaka leo?" Kwa hiyo wanaosema alilegea katika imani, au alirogwa, hawakumjua. Ngendo alikuwa amechoka tu, na katika kuchoka kwake alikuwa na mtu mmoja wa kumpokea mzigo.

Mtu huyo alikuwa Waithira, mke mwenzake.

Wala isidhaniwe kwamba Waithira aliingizwa nyumbani kwa hila. Ngendo mwenyewe ndiye aliyemwomba mumewe aoe tena. Kagwe hakuwa Mkristo wakati ule. Alikuwa amemwoa Ngendo kwa mbuzi na pombe, kama baba yake alivyooa. Siku moja Ngendo alitua mzigo wa kuni mbele yake akasema, "Baba Mumbi, nachuma kahawa ya Mzungu, nalima shamba la nyumbani, maji ni mimi, kuni ni mimi. Nitafutie mwenzangu."

Kagwe alicheka, akidhani anategwa. "Nikimleta utamtia sumu."

"Nitamtia jembe mkononi. Mwoe Waithira, binti Gachanja wa Theta. Tunachuma naye mstari mmoja. Mvua ikinyesha hanung'uniki, na debe lake likijaa mapema hujaza la jirani."

Ndivyo Waithira alivyokuja. Kanisa lilinong'ona, lakini mzee wa kanisa aliona kwamba dhambi ya kuoa wake wawili ni ya mume, si ya mke wa kwanza, na Ngendo akaachiwa benchi lake.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowasaka wapiganaji wa msituni. Kagwe alikamatwa asubuhi moja kazini, akapandishwa lori pamoja na wenzake, na kwa miaka mitano akawa wa kambi hii na kambi ile. Nyumba zao zilibomolewa, wakahamishiwa kijiji kipya kilichozungushiwa handaki na miiba. Huko mambo yote yaliendeshwa kwa filimbi. Filimbi ikilia alfajiri, kila nyumba ilitoa mtu mzima wa kwenda kuchimba: leo handaki, kesho barabara, keshokutwa matuta ya kuzuia mmomonyoko. Jioni waliachiwa muda mfupi wa kutafuta chakula mashambani, kisha lango likafungwa. Mwanamke aliyekuwa peke yake alirudi akiwa na udongo mpaka kwenye kope, akafika shambani wakati lango linakaribia kufungwa, na watoto wake wakalala na maji ya moto.

Ngendo na Waithira waliomba wahesabiwe kama nyumba moja. Homugadi, mlinzi wa serikali aliyegawa vibanda, aliwacheka. "Wake wenza katika kibanda kimoja? Mtang'oana nywele."

"Hatuna nguvu za kung'oana nywele," Waithira alimwambia.

Wakaishi hivyo. Mmoja alikwenda kuchimba, mwingine akabaki na watoto, akawa tayari langoni na kikapu muda wa chakula ulipofika. Kesho yake walibadilishana. Ngendo alipougua kifua na maziwa yake kukauka, Waithira alichukua zamu zote za kuchimba, na kila aliporudi alimpakata Wangeci, kitinda mimba wa Ngendo, upande mmoja, na mwanawe mwenyewe upande wa pili, akawanyonyesha pamoja huku ameegemea ukuta, amefumba macho. Ngendo alimtazama kutoka kitandani na hakusema asante. Aliona neno lenyewe ni dogo.

Kagwe aliachiliwa mwaka wa hamsini na nane. Alirudi amekonda, mpole, na Biblia kwapani. Alipata kazi Thika, katika kiwanda cha kusindika ngozi kule eneo la viwanda, akawa anakuja nyumbani Jumamosi kwa baiskeli akinuka dawa za ngozi. Aliwaeleza wake zake kwamba kule kambini, darasa la dini ndilo lililokuwa saa pekee ambayo hakuna aliyempigia kelele. "Nilijiahidi," alisema, "kwamba nikitoka hai nitabatizwa." Ngendo alifurahi. Alikuwa ameliombea jambo hilo tangu alipokuwa bibi arusi.

Wiki iliyofuata alikuja Mzee Githinji, mzee wa kanisa, amevaa koti lake la Jumapili ingawa ilikuwa Jumanne. Alikaribishwa kigoda na uji.

"Raheli, furahi," alisema. "Tutambatiza mumeo, kisha tutawafungisha ndoa ninyi wawili. Pete na kila kitu."

"Na Waithira?"

"Huyo atarudi kwa baba yake. Kwa heshima, si kwa kufukuzwa. Watoto ni wa Kagwe, watabaki."

"Watabaki na nani?"

"Na wewe. Mke ni mmoja, Raheli. Sheria si yangu."

Nje ya mlango ungo wa Waithira, aliyekuwa akipepeta maharagwe, ulinyamaza.

Ngendo alitazama mikono yake. "Mzee, wakati wa filimbi ulikuwa wapi?"

Githinji hakukasirika. Hakuwa mtu mbaya. Nyumba yake tu ilikuwa miongoni mwa zile zilizosamehewa kuchimba. "Nilikuwa nikiwaombea," alisema.

"Asante kwa maombi. Waithira alikuwa akinichimbia."

Mzee alikunywa uji wake ukaisha, akaondoka akisema atazungumza na Kagwe. Alimfuata kweli huko Thika, akampa shauri ambalo wote wawili waliliona ni la huruma: asimwaibishe mwanamke, asidai hata mbuzi mmoja wa mahari, bali amrudishe kwa baba yake na zawadi nzuri.

Jumamosi Kagwe alipita dukani kwa Nazir, Ruiru, kununua blanketi. Habari zilikuwa zimemtangulia, kama kawaida ya habari za Ruiru.

"Hii blanketi ya kuoa ama ya kufukuza?" Nazir aliuliza.

"Ya kuaga kwa wema."

"Mimi duka yangu iko na blanketi ya kuoa tu. Lakini chukua. Bei ni moja."

Ngendo alipoliona blanketi lile, na sukari, na kusikia kwamba mbuzi hawadaiwi, alielewa jambo ambalo mumewe hakuliona. Miaka ya kambini ilikuwa imemsahaulisha mila za kwao, na Githinji alikuwa amelelewa misheni tangu utotoni. Wote wawili hawakujua walichokuwa wakifanya. Kwa desturi ya Wagikuyu, mke hajarudishwa mpaka mume adai mbuzi wake mbele ya wazee na kutaja kosa. Mke anayekwenda kwao akiwa na zawadi, na mbuzi hawajatajwa, amekwenda kuwasalimu wazazi. Ni mgeni tu, atarudi kwa mumewe.

Ngendo hakumsahihisha. Alijaza kiondo, kikapu chake cha kusuka, kwa njahi, yale maharagwe meusi ya heshima, akaongeza ndizi na kibuyu cha uji, vitu ambavyo binti huwapelekea wazazi anapowatembelea.

Waithira alikuwa akikunja leso yake. Macho yalikuwa mekundu. "Mwenzangu, usigombane na mume kwa ajili yangu. Nitakwenda. Ila mtoto wangu hali viazi vya moto."

"Nenda," Ngendo alisema. "Ukifika, salimu wazazi, toa zawadi, kisha ulale. Baba yako akikuuliza umekuja kwa nini, mwambie ukweli kwamba umechoka. Jambo lingine mwachie Kagwe alieleze mwenyewe, ndilo lake."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Na kiondo changu usikisahau huko."

Siku zile ambazo Waithira hakuwapo, Ngendo alijifunza upya alivyokuwa mzee. Filimbi ilikuwa imenyamaza, lakini kahawa haikuwa imenyamaza. Aliamka, akachuma, akateka maji, akapika, akaosha watoto wa nyumba zote mbili, na mtoto wa Waithira akalia kila jioni mpaka akachoka mwenyewe. Jumapili Ngendo alikwenda kanisani. Wanawake walimpongeza kwa pete inayokuja. Mmoja alimwambia ana bahati, ameshinda. Ngendo aliona aibu kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani.

Kisha, Jumamosi moja, Mzee Gachanja alitokea kijijini, fimbo mkononi, na nyuma yake Waithira amebeba mizizi ya nduma na kiondo mgongoni, uso umejaa, umepumzika. Kagwe alikuwa nje akifunga mnyororo wa baiskeli. Alisimama na mafuta vidoleni.

"Mkwe wangu," Gachanja alisema, "nimekuletea mkeo. Amelala mchana kama paka. Mama yake alitaka kumbakiza, nikasema la, mume atatuona wachoyo."

"Baba," Kagwe alisema kwa taabu, "mimi nilimrudisha."

"Ulimrudisha?" Mzee aligeuka kushoto na kulia kana kwamba anatafuta kitu. "Mbuzi wako niliwaleta lini? Nimezeeka, pengine nimesahau."

"Sikuwadai. Niliona nisiwaumize. Nilileta blanketi."

"Blanketi nimelala nalo, na ni zuri. Blanketi huletewa baba mkwe anayependwa. Sasa nisikilize, kijana. Ukitaka kurudisha, ita wazee, dai mbuzi wako, kisha simama useme binti yangu alikosa nini. Alikuwa mvivu? Mchawi? Alikuachia watoto wako wakafa ulipokuwa kambini? Sema, nami nitaleta mbuzi leo hii."

Kagwe alijipangusa mafuta vidoleni. Watoto walikuwa wamekwisha kumrukia Waithira na kumpokonya nduma. Mwishowe alisema, kwa sauti ndogo, "Hana kosa."

"Basi nipe maji ninywe. Njia ni ndefu."

Mzee Githinji aliposikia hayo alikuja siku ya pili yake, baada ya ibada, na safari hii Kagwe alikuwapo, ameketi kando na kichwa chini. Githinji alieleza kwamba bado iko njia. Waithira anaweza kukaa kijijini, katika kibanda kingine, kama jamaa. Mradi Raheli asimame mbele ya kanisa aseme kwamba hamtambui kuwa mke wa nyumba hii. Maneno machache tu. Jumapili ijayo majina ya wabatizwa yangesomwa.

Ngendo alijua kinachopimwa. Akisema maneno yale, mumewe angepata alichojiahidi alipokuwa kati ya kufa na kupona, naye angepata alichokiombea miaka yote. Waithira angekuwa mtu wa hisani, anayeweza kuondolewa siku yoyote.

"Huyu alimnyonyesha Wangeci," alisema. "Nikisema simtambui, nitamwambia mtoto alishibishwa na nani?"

"Raheli, ukikataa, meza ya Bwana itafungwa kwako."

"Nimesikia."

"Unamwacha Yesu kwa ajili ya mke mwenza?"

"Mzee, sina ugomvi na Yesu. Hata sina ugomvi na wewe. Lakini mlango wenu ni mwembamba, unataka nipite peke yangu, na mimi siwezi kubeba kuni peke yangu tena." Akasimama kuchukua bakuli la uji la mgeni. "Niache nipumzike."

Githinji alimgeukia Kagwe. "Nawe huna la kusema? Wewe ndiye kichwa cha nyumba."

Kagwe alikuna kiganja kilichobabuliwa na dawa za ngozi. "Mzee, kichwa hiki hakikuwapo," alisema. "Shingo ndiyo ilibaki."

Jumapili iliyofuata chuma cha reli kilipogongwa kuwaita watu, Ngendo aliwavisha watoto nguo safi, wakatoka na baba yao. Wao hakuwakataza, wala baadaye hakuwakataza kamwe. Waithira alimsihi aende japo asikilize nyimbo, hakuna atakayemfukuza. "Hawatanifukuza," Ngendo alisema, "watanitazama." Wakachukua majembe, wakaenda kupalilia. Hakujiona ameshinda. Wimbo wa kwanza ulipowafikia kwa upepo alishika jembe bila kulima mpaka beti zote zikaisha, na Waithira, aliyeona, alilima mstari wake na wa mwenzake pasipo kumwita.

Kagwe alirudi jua likiwa utosini. Aliegemeza baiskeli, akaketi kivulini mwa paa.

"Wamesoma majina?" Ngendo aliuliza.

"Wamesoma."

"Na lako?"

Alitikisa kichwa. "Githinji amesema naweza kuendelea kukaa na wanafunzi wa darasa la ubatizo. Nyuma." Akavua viatu vyake vya Jumapili, kimoja, kisha kingine. "Nitaendelea kukaa."

Ngendo alimwonea huruma, na huruma ile ilimwelemea kuliko jembe. Aliingia jikoni akapakua sahani ya irio, viazi na mahindi yaliyopondwa. Alipotoka alimkuta Waithira naye amesimama na sahani yake, kwa maana kila mke humpelekea mume chakula chake. Waliziweka mbele yake zote mbili.

Kagwe alizitazama. Kisha akanawa mikono, akavuta ya kwanza, akala, akavuta ya pili, akaimaliza pia.