Makochi ya MC Projest Yalipotolewa Nje

MC Projest alikuwa na neno lake moja: "Mimi nina watu." Alilisema dukani, alilisema kwa kinyozi, alilisema hata mahali ambapo hakuna aliyemuuliza. Kuanzia Usagara hadi Kisesa hakuna ukumbi wa harusi ambao hakuwahi kuuinua vitini. Sisi majirani zake wa Buswelu tulimjua zaidi kwa suti, maana ndivyo alivyopita: kasuti, kamanukato, mkono juu, huyo kaenda.

Misibani hatukumwona. Misiba ya kwetu ina tabia mbaya ya kuangukia Jumamosi, na Jumamosi yeye yuko kazini. Alikuja mkewe Prudencia, tunayemwita Mama Natha, watoto wawili wakimfuata nyuma. Alimenya ndizi, alichota maji, alilala nasi mikekani. Mumewe akijisifia watu wake, alimjibu kwa upole: "Baba Natha, wewe una waalikwa. Watu ni kitu kingine." Projest alicheka, lakini mimi niliye jirani wa ukuta mmoja najua neno lile lilimchoma. Kila aliposikia, alianza kutaja majina ya wakubwa.

Basi mwezi wa tatu Mama Natha akapanda meli kwenda Bukoba kumzika shangazi yake, na huku nyuma tetekuwanga ikaingia nyumbani. Ilianza na Nathaniel wa darasa la kwanza, ikamshika mdogo wake Precious, kisha ikampanda baba mtu, ambaye utotoni ilimsahau. Mwalimu akasema watoto wasikanyage shule mpaka vipele vikauke. Nilipomwuliza dirishani kama ataweza, Projest alinitazama kwa huruma, uso wote mweupe kwa dawa ya kupaka.

"Mama Shimba, mtu anayechangamsha ukumbi mzima atashindwa na wawili?"

Alishindwa hata chai ya saa nne haijaiva. Umeme ulikatika, katuni zikaenda nao. Akashika mwiko kama kipaza sauti, akanguruma, "Mabibi na mabwana!" Nikamsikia Nathaniel: "Baba, punguza sauti, kichwa kinauma." Akawaomba wacheze muziki, Precious akasema miguu inawasha. Akatega vitendawili, wakavitegua na kurudi kujikuna. Homa yake mwenyewe ilikuwa inapanda, na alichotamani ni mchezo mmoja tu ambao baba analala na watoto ndio wanaohangaika.

Nathaniel ndiye aliyeuleta. "Tucheze msiba. Wewe uwe maiti."

Nadhani hajawahi kukubali kazi haraka vile. Ila watoto wale walilelewa misibani na mama yao, na mambo ya msiba waliyajua kuliko baba. "Bado," Nathaniel akasema. "Kwanza makochi yanatoka nje." Projest, mgonjwa, akayakokota makochi mwenyewe hadi uani. Akatandika godoro katikati ya sebule, akajifunika shuka jeupe gubigubi, na kabla Precious hajamaliza kujifunga kanga ya mama yake, maiti alikuwa anakoroma.

Mimi nilikuwa naanika nguo. Kwetu, ukiona makochi yako nje na ndani mtoto analia, "Baba jamani, umetuachia nani!", huulizi. Nilichungulia, nikaona shuka na nyayo; mkoromo, kama ulikuwepo, ulimezwa na kilio. Mnaweza kusema ningemshika kwanza. Mtu kafunikwa hadi kichwani, watoto wanamlilia, unamfunua ili ufanye nini? Nilipiga yowe lililofika barabarani.

Mama Sabina alifika wa kwanza na kuni kichwani, yeye ambaye mumewe tulimzika Projest akiwa ukumbini. Mzee Obedi, balozi wetu wa nyumba kumi, akatangaza kwenye kundi la simu la mtaa. Sufuria zikaja, turubai likaja, maandazi yakaja. Watoto waliona mchezo umepata wachezaji, wakazidisha kilio. Na sisi tukalia. Tulilia kwelikweli.

"Mama Natha wa watu, maskini!"

"Mama Natha alilala kwangu mpaka tukaanua tanga. Nani atamwambia?"

"Yuko Bukoba, hajui! Mama Natha jamani!"

Baadaye Projest alinikiri kwamba aliamka mapema. Mwanzoni alitaka kunyanyuka. Kisha akaona si vibaya kusikiliza kidogo, kwani watu ndio hao wamekuja, na kwa wingi. Akatulia chini ya shuka, akasubiri zamu yake ya kuliliwa. Akasubiri sana. Tulipoanza kumlilia mama mkwe wake wa Bukoba, uvumilivu ukamwishia.

"Na mimi je?" shuka likauliza.

Mama Sabina alitoka mbio kwa mlango wa nyuma, na kandambili yake moja hatujaiona hadi leo. Mzee Obedi alikemea mashetani kwa Kisukuma. Tulipojua ni nini, wengine walicheka, mimi nilikasirika. Machozi yangu hayaokotwi. Lakini chai ilikuwa imeshachemka, na chai ya msiba haimwagwi. Tukanywa.

Projest alikaa kwenye godoro akifungua simu. Habari ilikuwa imemfikia MC Ngosha, rafiki yake wa kufa na kuzikana, naye ameandika kwenye kundi lao la ma-MC: "Poleni sana. Samahani, ile harusi yake ya Kisesa Jumamosi imeshapata mtu?" Chini yake wenzake walikuwa wanaigombea.

Akaizima simu. "Mama Shimba," akaniuliza kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "kuna aliyenililia mimi?"

Hasira yangu ikaisha. Nilitafuta uongo, nikaukosa. "Precious alilia," nikasema.

Akamgeukia mwanawe, aliyekaa mlangoni na kanga kiunoni, akila andazi la msiba wa baba yake.

"Baba," Precious akasema, "kesho maiti ni Natha. Mama wa kulia ni mimi. Wewe utakuwa watu."

Projest akauliza: "Watu huwa wanafanya nini?"

Mtoto akatafuna kwanza, akameza.

"Wanakuja," akasema.