Gwaride la Juu ya Paa

Chuo alichosoma mdogo wangu kilikuwa ghorofa ya mwisho ya jengo moja pale Msimbazi, juu ya maduka ya vitenge. Kilifundisha ulinzi na sheria, na kila mwanafunzi aliamini ndiyo njia ya kuingia polisi. Uwanja hakikuwa nao. Gwaride walipigia juu ya paa, katikati ya matenki ya maji, na sisi tuliouza soksi chini tulisikia amri zao kutwa nzima.

Mimi niliishia kidato cha pili, na tangu hapo sijatulia kwenye kazi yoyote. Lakini madaftari yake niliyasoma yote, chumbani kwetu Ilala. Mwanzoni kabisa aliandika: kazi ya kwanza ya askari ni kulinda uhai. Nilimsumbua kwa maswali mpaka akachoka.

"Kaka, si uende ukasome wewe!"

Siku moja mkufunzi wao, askari mstaafu, aliwashusha mtaani wajifunze kusoma mienendo ya watu. Wakajipanga mstari karibu na meza yangu, kombati zimenyooka kwa pasi. Mara ukapigwa ukelele: "Mwizi!"

Kariakoo neno hilo halihitaji ushahidi. Mwanamume mmoja alishaangushwa chini, anapigwa mateke na watu ambao hata hawakujua kaiba nini. Mimi mwenyewe sijui mpaka leo.

"Leteni tairi!"

"Afande, wanamuua!" nilimpigia kelele mkufunzi.

"Wewe uza soksi," akanijibu. Kisha akawageukia wanafunzi wake. "Hakuna kutoka kwenye mstari! Nyie bado raia."

Mdogo wangu akatoka. Alipenya katikati ya miguu ile akamlalia yule mtu mgongoni. Niliruka meza kumfuata, lakini nilipofika wengi walikuwa wameshaanza kurudi nyuma. Waliona kombati.

"Acheni, polisi huyo!"

Bereti ya chuo cha juu ya duka la vitenge ilitosha. Mstari mzima wa bereti hizo ulikuwa umesimama pale, unatazama.

Kesho yake alivuliwa bereti juu ya paa, mbele ya wenzake wote. Yeye ndiye aliyenisimulia.

"Hapa tunafundisha utii," mkufunzi alimwambia.

"Afande, ulitufundisha kulinda uhai."

"Hilo la mtihani."

La mtihani! Nilitaka kupanda ngazi zile nikamtupe ndani ya tenki. Mama naye akanizidishia hasira: akamwambia mwanawe aende akapige magoti, aombe radhi, arudishwe.

Asubuhi iliyofuata akang'arisha buti, akapanda. Nilibaki mezani nimekunja ngumi, namkasirikia na yeye. Akashuka upesi, kichwa wazi.

"Kaniambia niseme nilikosea, basi yaishe."

"Ukasemaje?"

"Nimemwambia sikukosea."

Nikaanza kukunja turubai, biashara ya siku hiyo nikaiacha, tukashika njia ya Ilala. Juu yetu gwaride lilikuwa limeanza: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nikaziona buti zake zinaifuata sauti ile. Na yeye akajiona. Akasimama palepale katikati ya watu, wakamsukuma na kumtukana, asiinue mguu mpaka paa liliponyamaza.