Kabureta ya Mwalimu na Kilima cha Kanisa

Gari ya Mwalimu ilikuwa ya Kiingereza, ya viti viwili, bila paa, fupi kiasi kwamba mbuzi wa kwetu Gachoka waliitazama kutoka juu. Kabureta zake mbili za asili, za kuchanganya petroli na hewa, zilikuwa zimechakaa, akapata moja kubwa ya aina nyingine, akanipa niifunge. Miaka hiyo ya sabini nilikuwa Kiritiri nikitengeneza lori za mchanga. Shule niliiacha darasa la sita, lakini chochote chenye skrubu nilikifungua.

Niliirekebisha kwa sikio, katika joto letu, mpaka injini ikatulia.

"Huko Meru kuna baridi," nikamwambia. "Itapanda yenyewe."

Bintiye alikuwa akiolewa Jumamosi katika kanisa lililo juu ya mji wa Meru. Alikuwa ameomba jambo moja tu: babake amfikishe kwa gari hiyo.

Tuliondoka Ijumaa alfajiri, tuijaribu kwanza. Kadiri tulivyopanda ndivyo ilivyokohoa. Kwenye kilima cha kanisa ikatoa moshi mweusi, ikazimika. Mwalimu hakunigombeza. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, na hilo liliniuma zaidi. Tukaiachia iserereke hadi mjini, kwa mzee mmoja Mwislamu aliyetengeneza pikapu za kubebea miraa.

Mzee alinusa bomba la moshi kabla ya kufungua boneti.

"Nani alirekebisha hii?"

"Mimi."

"Wapi?"

"Kiritiri."

Akacheka mpaka kofia ikasogea. "Basi umeipimia chakula ya Kiritiri! Huku juu hewa ni nyepesi. Petroli ni ya mtu mzima, pumzi ni ya mtoto."

Ilihitaji jeti ndogo zaidi, kile kipande cha shaba chenye tundu la kupitisha petroli. Hakuwa nayo. Akaliziba tundu kwa lehemu, akalitoboa upya kwa sindano ya cherehani aliyoinoa mwenyewe, akilichungulia kwenye jua. Kisha akanawa, akachukua kanzu.

"Mzee, harusi ni kesho!" Mwalimu alisema.

"Na swala ni sasa, Mwalimu. Kunywa chai."

Aliporudi aliifunga jeti, tukapanda kilima, Mwalimu kwenye usukani, mzee kando yake, mimi nimekunjwa nyuma ya viti. "Kanyaga yote. Nikisema zima, zima hapo hapo," mzee akamwambia. Katikati ya kilima akasema zima. Gari ikasimama kimya, akachomoa plagi ikiwa moto, akaishika kwa kitambaa. Nyeupe.

"Sasa iko na njaa ya petroli."

Akalipanua tundu kwa mzunguko mmoja wa sindano. Tukapanda tena: plagi ya kijivu. Akapanua tena, kidogo mno hata sikuona mkono ukisogea. Mara ya tatu plagi ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, naye akairudisha, akafunga boneti. Mimi nilikuwa nimeisikiliza gari imesimama. Yeye aliiuliza ikiwa kazini. Sijawahi kumwonea mtu wivu mzuri kama ule.

Jumamosi nilisimama langoni mwa kanisa. Tuliisikia kabla ya kuiona, sauti moja isiyokatika. Ikatokea bila moshi, bibi harusi ameshika shela kwa mikono miwili.

"Baba, usipunguze!"

Hakupunguza. Walilipita lango, mchungaji akitazama saa, wakaenda kugeuzia huko juu kabisa.