Mifereji Miwili Ambayo Kompyuta Haikuiona

Karakana ninayofanyia kazi hapa Kitale hutengeneza vipuri vya mashine za kupukuchua mahindi. Kipuri tunakichora kwanza kwenye kompyuta, kikiwa umbo kamili unaloweza kuligeuzageuza, kisha mashine inakichonga kutoka kwa kipande cha chuma. Katikati kuna kazi ya kuchosha: lazima mtu aionyeshe mashine kila tundu na kila mfereji kwenye mchoro. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nikajiuliza, mbona kompyuta isivitambue yenyewe?

Nikaandika programu. Matundu iliyatambua upesi. Mfereji nao niliueleza kuwa sakafu moja na kuta mbili zinazotazamana, ikaelewa. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, mpaka tulipoletewa kipuri cha kuiga, chenye mifereji miwili iliyokatizana, nikakichora. Programu haikuona hata mmoja. Iliona vipande vinane vya ukuta, ikaishia hapo.

Jumamosi nilikibeba kipuri hadi Bungoma kwa shangazi yangu, ambaye kwetu tunamwita Senge. Amekereza chuma tangu kabla sijazaliwa. Nilimkuta akikanda unga wa chapati.

"Senge, hapa unaona nini?"

"Mifeleji miwili. Kwani wewe unaona nini?"

"Hata mimi naiona. Kompyuta ndiyo haioni. Inahesabu kuta."

"Si hapo ndio imekosea. Kuta ni chuma imebaki. Mimi naangalia ile imetoka."

Akapaka kipuri mafuta, akashindilia donge la unga ndani, akasawazisha kwa kisu, halafu akalibandua polepole. Kiganjani mwake mlikuwa na msalaba mnene wa unga. Nilicheka kwa mshangao. Miezi yote hiyo nilikuwa nimekodolea macho chuma, sijawahi kuitazama nafasi.

"Kisu ya mashine imepita hivi, halafu hivi," akasema akichora kwa kidole. Kisha akakata mikono miwili ya ule msalaba. "Ama ni mmoja mrefu na miwili mifupi. Yote ni kweli."

Hilo la majibu mawili ya kweli lilinikosesha raha njia nzima ya kurudi.

Nilianza upya. Sasa programu ilichukua kipande kizima cha chuma, ikatoa kipuri ndani yake, ikabaki na kile kitakachokuwa vumbi na chembechembe za chuma. Ndicho ilichokigawa. Baada ya wiki tatu ilinipa majibu mawili, yaleyale ya Senge. Nikampigia simu.

"Nichague gani?"

"Utabana aje kwa vaisi?"

Mchoro hausemi chochote kuhusu vaisi, kile kibanio kinachoshika chuma kinapochongwa. Ikabidi niende nikasimame mbele ya mashine, nikiwa na kipande mkononi, nikikigeuza huku na huku kati ya meno ya vaisi. Kumbe kingeweza kubanwa mara moja tu, na kisu kikapita moja kwa moja pande zote mbili.

"Basi pitisha yote mirefu," Senge akasema nilipomweleza. "Ya nini kusimamisha kisu katikati bule?"

Kipuri tulichochonga kilitoka safi. Tangu hapo, programu ikipata majibu zaidi ya moja huyaonyesha yote, kisha huniuliza chuma kitabanwaje. Msimamizi wangu alitaka ijichagulie yenyewe. Nilimwomba aje kwanza tusimame pamoja pale kwenye vaisi, akaja, tukabishana kuhusu namna ya kubana hadi saa ya chakula.